Mijusi wa Uani ni Kazi ya Jirani

Msikilizaji, huko Los Angeles, Marekani, baridi ikishakwisha, watu huwakuta mijusi wawili uani, mmoja kamng'ata mwenzake kichwani na hamwachii. Wengi hudhani wanapigana. La, wanajamiiana. Mijusi hao wana magamba magumu kama ya mamba, na dume huweza kumshikilia jike hivyo kwa saa nyingi.

Mtafiti haingii uani kwa watu bila hodi, na nyua za mji ule hazihesabiki. Ndiyo maana Greg Pauly na wenzake wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Los Angeles wanawaomba wakazi watume picha, kwa mfano kupitia mtandao wa iNaturalist. Kila picha huja na tarehe na mahali. Zikikusanyika mwaka hadi mwaka, zinaonyesha msimu wa uzazi unaanza lini, na kama mwaka huu umewahi au umechelewa.

Nasema kazi hii ya kutuma picha tunaiweza hata hapa Tanzania. Pale Mwanza, juu ya mawe, yuko mjusi ambaye dume lake lina kichwa na mabega mekundu na mwili wa buluu. Jina lake la kisayansi, Agama mwanzae, limetokana na mji huo. Muuza samaki anayepita pale kila asubuhi ataliona dume likikoleza rangi, jike likichimba udongo litage, na vitoto vikitoka, kabla mtafiti hajapanda basi.

Lakini tusidanganyike na wingi wa picha. Zikijaa za Jumapili, si kwamba mijusi hupenda Jumapili; watu ndio wako nyumbani. Kwa hiyo mpige picha hata mjusi anayeota jua tu. Bila picha hizo za kawaida, hatutajua kama wanaojamiiana wameongezeka au ni wapiga picha tu walioongezeka.

Tena, si kila mahali pa kutangazwa. Mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, alinaswa mno kwa ajili ya wafugaji wa nje, hata mwaka 2016 nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kudhibiti biashara ya viumbe pori, zikampa ulinzi wa juu kabisa. Ukimpata wa aina hiyo, tarehe itaje, mahali pafiche.

Haya basi: simu unayo, mjusi yuko ukutani. Piga picha, andika anafanya nini, na usimguse.