Yesu Anapita Yeriko



Hapa Uasin Gishu mkulima hahitaji kuhubiriwa habari za wakati. Shamba hulimwa mapema, jua lingali kali, na mvua ya Machi ikishuka kila mtu yuko shambani na mbegu yake. Anayengoja trekta ya jirani mpaka Mei atapanda mbegu ile ile katika udongo ule ule, lakini hatavuna sawa na mwenzake. Mambo ya shamba tunayajua sana. Mambo ya roho ndiyo tunayoyaahirisha.

Tumkumbuke mzee wetu mmoja, Kipchoge Keino, ambaye uwanja wa michezo wa hapa Eldoret umepewa jina lake. Oktoba 1968 alikuwa Mexico City kwa Michezo ya Olimpiki, naye alikuwa mgonjwa. Kibofu cha nyongo kilimtesa. Tarehe 13, katika mbio za mita 10,000, alianguka kwa maumivu zikiwa zimebaki duru mbili tu. Siku nne baadaye alikimbia mita 5,000 akapata medali ya fedha. Daktari alimkataza asikimbie tena. Ikafika tarehe 20, siku ya fainali ya mita 1,500. Keino akaondoka kitandani akaenda. Njiani magari yakasongamana, gari alilopanda likakwama, na saa inakwenda. Akashuka, akaenda mbio kwa miguu yake mpaka uwanjani. Huko akamshinda Jim Ryun wa Marekani, ambaye kwa miaka mitatu hakuwa ameshindwa katika mbio hizo, akamwacha nyuma kama mita 20. Alitumia dakika 3 na sekunde 34.9.

Hatusemi kwamba mgonjwa amdharau daktari wake, la hasha! Wala hatusemi kwamba Mungu hugawa medali. Tunatazama pale garini tu. Mtu huyu alikuwa na udhuru, tena udhuru wa kweli. Kama angebaki kitini, ni Mkenya gani angemlaumu? Lakini fainali isingemngoja.

Sasa tazameni Marko sura ya 10. Yesu anatoka Yeriko, anapanda kwenda Yerusalemu, na kule msalaba unamngoja. Hatapita njia hiyo tena. Bartimayo, kipofu aketiye kando ya njia, hajui hilo. Amesikia tu kwamba ni Yesu, naye anapaza sauti. Wanamkemea, anazidi. Na anapoitwa, analitupa vazi lake. Ndugu zangu, vazi la maskini ndilo blanketi lake usiku. Tena kipofu akitupa kitu katikati ya umati, atakipataje akirudi? Bartimayo hakujiwekea njia ya kurudi. Alikwenda kama mtu ambaye tayari anaona.

Sisi wachungaji twaweza kuhubiri hayo vizuri, na huku tumeketi. Mwaka mmoja mzee wa kanisa alitujia baada ya ibada. Tangu machafuko ya mwanzo wa 2008 hakuwa amesalimiana na jirani yake, na kati yao hapakuwa na kitu ila ua wa miti. Akasema, "Mchungaji, leo moyo wangu umelainika. Twende." Tukatazama saa. Kulikuwa na kikao cha kamati ya ujenzi, habari ya paa la kanisa. Tukamjibu, "Mzee, tutakwenda Jumapili ijayo, Bwana akipenda." Jumapili ile ikawa na harambee. Ya pili ikawa na mvua. Kabla ya ya tatu, jirani alifariki.

Siku ya maziko mzee yule alisimama nyuma kabisa ya watu, karibu na ua, kofia mkononi. Hakutulaumu hata kidogo. Alituuliza tu kama lile paa limekwisha.

Tangu siku hiyo tumejifunza kuogopa maneno "Jumapili ijayo", ingawa tungali tunayasema.

Ndugu msikilizaji, labda asubuhi hii kuna mtu ambaye moyo wako umelainika kwa ajili yake. Jina lake unalijua, na nyumba yake unaijua. Au labda ni Bwana mwenyewe anayekuita, nawe umekuwa ukingoja kwanza mavuno, kwanza watoto wamalize shule. Usingoje kipindi hiki kiishe. Zima redio, uende. Sisi hatutaona vibaya.

Nanyi mnaobaki, tuombe.

Bwana Yesu, uliyesimama njiani kwa ajili ya kipofu mmoja, uwatangulie hao waliotoka sasa hivi. Walainishe na wale watakaobishiwa mlango. Utusamehe sisi tuliochelewa, na mzee wetu umfariji. Amina.