Mhuri si Ushahidi: Kuujua Umri wa Mitungi ya Jingdezhen



Iko kauli ninayokutana nayo kila niendako: ugeuze mtungi, usome mhuri, umri umeupata. Wauzaji wa vitu vya kale wanaisema, vitabu vya mihuri vinaifundisha, na linaloniuma zaidi, hata sisi wanaakiolojia wa pwani tumeiacha ipite bila kuihoji. Jioni hii nataka kuing'oa.

Habari za Jingdezhen wengi wenu mnazo: mji wa jimbo la Jiangxi, udongo mweupe wa kaolini, mchoro wa kobalti chini ya utando wa kioo, moto wa karibu nyuzi 1300. Sitazirudia. Nianze na mhuri wenyewe.

Mhuri kamili wa enzi una herufi sita, ambazo hutaja nasaba, enzi ya mfalme, na kwamba chombo kilitengenezwa wakati huo. Anayeona herufi za Chenghua, enzi ya nasaba ya Ming, huandika kwenye kadi yake 1465 hadi 1487, kisha hulala usingizi mwema. Lakini mafundi wa enzi ya Kangxi, iliyodumu kuanzia 1662 hadi 1722, waliandika jina la Chenghua kwenye vyombo vyao mara kwa mara, na la Jiajing, enzi nyingine ya Ming, pia. Wengine waliwaenzi wazee wa kazi yao, wengine walijua mteja anapenda nini. Tena mwaka 1677 mkuu wa wilaya yao, Zhang Qizhong, aliwakataza kuandika jina la enzi ya mfalme kwenye kauri, kwa kuwa chombo kikivunjika jina hilo tukufu hutupwa jalalani na kukanyagwa. Kwa hiyo karakana zikaacha duara mbili za samawati zisizo na kitu ndani, au zikachora jani, au zikarudi kwenye majina ya wafalme waliokwisha kufa. Tafakarini maana yake. Mtungi ulio wa Kangxi kwa kila hali mara nyingi hautaji Kangxi popote.

Sasa geuzeni mambo. Ile mitungi ya tangawizi yenye maua meupe ya mplamu juu ya samawati iliyopasukapasuka kama barafu, yenye herufi nne za Kangxi kitakoni, iliyojaa madukani ulimwenguni kote: mingi ni ya mwishoni mwa karne ya 19. Jina la mfalme liko, mfalme mwenyewe ana zaidi ya miaka mia na hamsini kaburini.

Wenzangu hunijibu kuwa mjuzi hatazami jina bali mwandiko. Hoja hiyo ina uzito, na nimeipima kwa miaka mingi. Lakini mwandiko halisi wa Chenghua tumeujuaje? Tumeujua kwa sababu kuanzia miaka ya 1980 Liu Xinyuan na wenzake walichimba Zhushan, palipokuwa na tanuri za kifalme, wakakuta tabaka kwa tabaka za vyombo vilivyokataliwa, vikavunjwa na kufukiwa palepale. Ardhi ndiyo iliyouthibitisha mhuri. Mhuri haukuithibitisha ardhi. Anayeringia mwandiko anakula jasho la wachimbaji bila kulitaja.

Msidhani nachukia maandishi. Yapo maandishi ninayoyaamini kabisa, nayo ni yale yenye mtu, mahali na shughuli. Vile vyombo viwili viitwavyo vya David, kwa jina la mkusanyaji wake, vilivyoko British Museum, vyenye vichwa vya tembo shingoni, vinasema kwamba Zhang Wenjin wa Yushan alivitoa, pamoja na chetezo, kwa hekalu moja, mwaka wa 11 wa Zhizheng, yaani 1351. Huyo ni mtu mwenye nadhiri anayezungumza na mungu wake. Hakuwa na soko la kulidanganya. Mtaalamu wa kauri Hobson alivitangaza mwaka 1929, lakini ilibidi kusubiri hadi miaka ya 1950 ndipo mwanazuoni John Alexander Pope akavifanya kipimo cha karne nzima, na mitungi ya nasaba ya Yuan isiyo na herufi hata moja ikapata umri wake kwa kulinganishwa navyo.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote, hata hivyo, uko Dresden, nanyi mniruhusu nikae hapo kidogo. Mwaka 1717 Augustus, mtawala wa Saxony na mfalme wa Poland, aliyekuwa na kichaa cha kauri, alimpa Friedrich Wilhelm wa Prussia askari 600, bila farasi wala silaha, akapokea vyombo 151 vya kauri kutoka kasri za Oranienburg na Charlottenburg. Miongoni mwake imo mitungi mikubwa ya samawati na nyeupe yenye vifuniko, ambayo hadi leo inaitwa kwa jina la askari hao. Mwaka 1721 makarani wa Augustus walianza daftari la mali yake, wakakipa kila chombo namba na alama ya kundi lake. Namba hizo zilichongwa juu ya utando wa kioo na kutiwa weusi. Daftari lipo, namba zipo, mitungi ipo. Karani yule hakujali Chenghua ni nani. Alitaka kujua bwana wake ana vitu vingapi, na kwa kutojali huko ametuachia tarehe isiyoyumba. Ni kweli, namba yake inatuambia tu kwamba siku hiyo mtungi ulikuwapo, haisemi ulizaliwa lini. Lakini mpaka wa juu ulio thabiti una thamani kubwa kuliko tarehe kamili iliyoazimwa.

Meli zilizozama zina fadhila hiyohiyo. Katika shehena aliyoiibua mzamiaji Michael Hatcher kutoka Bahari ya China Kusini vilikuwamo vifuniko viwili vya mitungi vyenye mwaka wa kalenda ya mzunguko ya Kichina. Kalenda hiyo hujirudia kila miaka 60, na kwa hiyo peke yake isingetosha. Shehena nzima ndiyo iliyoamua kuwa ni 1643. Inasikitisha kwamba waliozamia walikuwa wafanyabiashara, na mpangilio wa shehena ulipotea kabla mnada haujafanyika Amsterdam.

Nije kwenye imani yangu, ambayo wanafunzi wangu wanaijua. Umri wa mtungi hukaa kitakoni, mahali fundi alipoukata udongo. Mwalimu wangu wa kwanza wa somo hili alitupanga mezani, akatupa vigae vimelazwa kifudifudi, na hakuturuhusu kutazama mchoro mpaka tuseme kila kigae ni cha karne gani kwa kupapasa. Tulinung'unika. Leo nafundisha hivyohivyo. Mitungi mikubwa ya Yuan ina kiungo tumboni unachokisikia kwa vidole ukitia mkono ndani, na kitako kisicho na kioo, kilichobabuka rangi ya machungwa kwa chuma cha udongo. Ya biashara ya mwishoni mwa Ming imeganda mchanga wa tanuri kwenye pete ya kitako. Mitungi ya miaka ya 1630 mara nyingi ina kitako bapa kisicho na kioo, na mistari myembamba iliyochorwa kwa ncha begani. Ya Kangxi imekatwa kwa unadhifu usio na haraka.

Padri d'Entrecolles, aliyeishi Jingdezhen, aliandika mwaka 1712 kwamba chombo kimoja hupita mikononi mwa watu kama sabini. Mchoraji aliambiwa aige kazi ya babu zake. Aliyekata kitako hakuambiwa aige chochote, alikata kama alivyozoea.

Mtaniambia waghushi wa leo wanaghushi vitako pia. Ndiyo. Mtaniambia kuna vipimo vya manganizi na chuma katika kobalti, na vya mwanga unaotoka udongo ukipashwa joto. Navithamini. Lakini kobalti za kigeni na za ndani zilichanganywa, na kipimo cha mwanga kinadai kutoboa chombo na kinaweza kuvurugwa kwa miale. Vyote vinakuja kumsaidia aliyekwisha kusoma kitako.

Kwetu jambo hili si la mbali. Mwanaakiolojia James Kirkman alitumia kauri kupanga tarehe za magofu ya Gede, na kazi yake inastahili heshima. Lakini kauri ilikaa kwenye zidaka za nyumba na kurithiwa, ikajengewa makaburini Kunduchi na Mambrui, kwa hiyo umri wa chombo si umri wa ukuta. Tunayo merikebu ya Santo António de Taná, iliyozama chini ya Ngome ya Yesu mwaka 1697 Mombasa ikiwa imezingirwa na Waomani, na kauri za Kichina zilizotoka humo katika uchimbaji wa 1977 hadi 1980. Hapo tuna mwaka usiohitaji mhuri. Ninaomba kwamba vitako vya vigae hivyo, na vya kila kigae kilichomo katika makumbusho ya pwani hii, vichorwe na kupigwa picha kabla ya uso wake, na kadi ya mtungi iwe na nafasi ya kitako juu ya nafasi ya mhuri.