Mpagazi wa Rufiji na Mwalimu wa Burma

Jioni hii twapenda kuwaeleza habari za watu wawili waliotufundisha utotoni, mmoja kwa sufuria, mmoja kwa kijiti.

Wa kwanza alikuwa mzee wa kijiji chetu, katika mitelemko ya Kilimanjaro. Mwanzoni mwa mwaka 1917 alitwaliwa kuwa mpagazi katika jeshi la Waingereza, lililokuwa likimfuata Jemadari von Lettow-Vorbeck upande wa kusini. Farasi na nyumbu walikuwa wakifa kwa ndorobo, hata ikawa hapana budi chakula na risasi vichukuliwe vichwani mwa watu. Jina la Kiingereza la kikosi chao liligeuka vinywani mwa watu likawa Kariakoo, na soko la Dar es Salaam lingali na jina hilo.

Sisi watoto tulitaka habari za bunduki. Tulimwuliza aliua wangapi. Akacheka, akatuambia kwamba hakushika bunduki hata siku moja. Yeye alichukua unga. Adui mkubwa, alisema, alikuwa tumbo. Watu waliozoea ndizi walipewa unga wa mahindi, nao kwa uchovu wa safari waliusonga haraka juu ya kuni mbichi, wakaula haujaiva. Wakahara damu, wakafa kandokando ya njia. Ndivyo ilivyokuwa: wapagazi waliouawa na maradhi walikuwa wengi kupita waliouawa kwa risasi. Basi yeye alikuwa akiamka kungali giza, akikoroga uji na kuuacha motoni mpaka uive kabisa, kisha akiwanywesha waliokuwa dhaifu. Tulipomwita shujaa alichukizwa kidogo. Alisema aliogopa kila siku, na mikono iliyokoroga uji ndiyo hiyo hiyo iliyotetemeka.

Mvua ya mwaka ule ilikuwa kubwa mno, Rufiji ikafurika, na posho ikapungua. Usiku, wakiwa wamelowa, watu wa kwetu walikaa wakigombana juu ya zamu za maji ya mfereji wa kijijini: nani atafungulia alfajiri, nani alimwibia nduguye zamu yake. Wapagazi wa makabila mengine waliwaona wendawazimu, watu waliozungukwa na maji kugombania maji yaliyo mbali nao mwendo wa siku nyingi! Lakini mzee alisema kwamba waliyemwogopea ni yule aliyenyamaza katika ugomvi ule, maana moyoni alikuwa amekwisha acha kurudi nyumbani. Huyo walimchokoza makusudi, wakamwambia shamba lake halistahili maji, mpaka akainuka kulitetea.

Wa pili alikuwa mwalimu wetu. Mwaka 1944 alikuwa Burma pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw wakati wa masika kuelekea mto Chindwin. Hakupenda kusimulia mapigano, wala sisi hatukumsumbua. Alichotusimulia ni jinsi askari mwenzake alivyomfundisha herufi chini ya turubai, akiziandika matopeni kwa kijiti. Maji yakapita yakazifuta, naye akaziandika tena. Mwalimu aliporudi mwaka 1946 alijua kusoma, na alitufundisha vile vile, uwanjani, kwa kijiti.

Jioni moja mzee aliingia darasani, akaketi kati yetu kwenye benchi la nyuma. Vitani alikuwa amepewa kibati chenye namba, na namba ile aliikumbuka hata uzeeni. Mwalimu alidhani amekuja kujifunza kuandika jina lake. Mzee akasema, la, mwanangu, la kwangu lajulikana. Nataka majina ya wenzangu saba waliobaki Rufiji, maana tuliwazika bila alama. Hakuishi hata mwaka 2021, Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilipokiri kwamba watu wasiopungua 116,000 waliokufa katika vita ile ya kwanza, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kabisa.

Jina la kwanza lilimchukua juma zima. Tulimshikia taa kwa zamu, naye alipokosea herufi alifuta kwa kiganja, akaanza upya.