Leza ao shindano: jicho la mwenye ugonjwa wa sukari linaomba nini?

Mazungumuzo mbele ya mukutano wa wanamemba, Baraka



Kila tunapotembelea makundi, ulizo moja linarudia: "Munganga aliniambia nifanyiwe leza, lakini mwenzangu alipigwa shindano ndani ya jicho. Njia ya kweli ni gani?" Zote mbili ni za kweli. Lakini hazifanyi kazi moja, na hazimuombi mugonjwa kitu kimoja. Wengi wetu tulivuka ziwa kutoka Kigoma kurudi kwetu, na mpaka leo hatujui kama mwezi ujao barabara itapitika. Kwa watu kama sisi, tofauti hiyo inaweza kuokoa jicho ao kulipoteza.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Nyuma ya jicho kuko ngozi nyembamba inayopokea mwangaza. Inaitwa retina. Sukari ikikaa juu myaka mingi, inaharibu mishipa midogo ya damu ya pale. Kisha mambo mawili yanaweza kutokea. La kwanza, mishipa inavuja na katikati ya retina panavimba. Mutu anashindwa kusoma Biblia yake ao kutambua sura ya mutoto wake. La pili, retina inakosa hewa ya kutosha, inaotesha mishipa mipya, na ile mipya ni zaifu: inapasuka, inamwaga damu ndani ya jicho, ao inavuta retina mpaka inabanduka. Hapo giza linaingia. Lineti haiwezi kusaidia kitu.

Leza ni mwangaza wenye nguvu. Munganga anachoma nao alama ndogo-ndogo pembeni ya retina, ili ile sehemu isiendelee kuomba hewa na mishipa mibaya ikauke. Uchunguzi mukubwa wa Marekani ulionyesha tangu 1976 kwamba hatari ya kupoteza macho kabisa inapunguka zaidi ya nusu. Kazi inamalizika kwa safari moja ao chache. Lakini leza ina bei yake ndani ya jicho: mutu anaweza kuona vibaya zaidi usiku na pembeni. Tena inalinda kile kilichobaki. Mutu asiingoje irudishe kile kilichokwisha kupotea.

Shindano linafanya kazi nyingine. Dawa inazuia kitu kinachoitwa VEGF, ambacho mwili unatoa na ambacho kinaamuru mishipa ivuje na iote. Munganga anaweka kwanza matone ya ganzi, kisha anapiga shindano nyembamba. Haichukue hata dakika moja. Kwa ile shida ya kuvimba katikati, uchunguzi wa 2010 ulionyesha kwamba wagonjwa wa shindano waliona vizuri zaidi kuliko wale wa leza peke yake. Wengine walirudishiwa sehemu ya macho yao.

Lakini shindano moja halitoshi, wandugu. Dawa inaisha ndani ya jicho. Miezi ya kwanza inarudiwa karibu kila mwezi. Katika uchunguzi, mwaka wa kwanza wagonjwa wengi walipigwa mara 9 ao 10. Mwaka unaofuata zinapunguka, lakini kurudi kwa munganga kunaendelea.

Hapa ndipo tunaomba musikilize zaidi. Kwa ile shida ya pili, mishipa mipya, uchunguzi wa 2015 ulionyesha kwamba kisha myaka 2 shindano halikushindwa na leza. Ni kweli, lakini wale wagonjwa walikuwa wakirudi na kufuatiliwa. Na wale wasiorudi? Mu 2019 waganga wa Philadelphia walitoa hesabu ya wagonjwa waliopotea zaidi ya miezi 6. Mwishoni, kati ya macho 30 ya shindano, 10 yalikuwa na retina iliyovutwa na kubanduka. Kati ya macho 46 ya leza, ni 1 tu. Na ule ni muji wenye barabara nzuri na simu kila nyumba! Leza inaendelea kulinda hata kama mutu amekwama. Shindano linalinda mutu anayeweza kurudi.

Kwa hiyo munganga akikuambia una mishipa mipya, usione haya kumwambia maisha yako namna yalivyo: "Munganga, ninatoka mbali, siwezi kuahidi kurudi kila mwezi." Ile si malalamiko. Ni habari anayohitaji ili achague vizuri. Kama katikati pia pamevimba, anaweza kutumia njia zote mbili, juu leza nyingi inaweza kuongeza uvimbe. Na mama mwenye mimba, ao mutu aliyepooza karibuni, aseme mbele ya shindano.

Juu ya feza: kuko dawa inaitwa bevacizumab. Ilitengenezwa kwa ajili ya kansa, lakini chupa moja inaweza kugawanywa kwa macho mengi, kama inagawanywa pahali safi kabisa. Ni rahisi kwa bei kuliko zile zingine, na tangu 2013 iko katika orodha ya dawa za lazima ya OMS. Kwa jicho ambalo halijapoteza mengi, ilifanya kazi sawa na zile za bei kali. Lakini kisha shindano lolote, jicho likiuma, likiwa jekundu ao likififia siku zinazofuata, rudi siku ileile. Ni mara chache, lakini uchafu ukiingia unaua jicho.

Tunaleta ombi mbele ya mukutano na wafadhili. Kesi yetu ikisaidia mugonjwa wa shindano, tusilipe shindano la kwanza tu na kumuachia mengine. Tuhesabu njia yote: boti, moto, pa kulala, mara 9 ao 10. Kama hatuna ile feza, tuulize munganga kama leza inafaa, na tulipe safari ya leza mpaka imalizike. Kulipa nusu ya matunzo kunaweza kuwa kumudanganya mugonjwa.

Na wenye sukari wote, hata wanaoona vizuri: mara moja kwa mwaka macho yapimwe kwa matone ya kufungua mboni. Huu ugonjwa hauume mwanzoni. Tufuate dawa ya sukari, tupime tansio. Leza na shindano vyote vinafanya kazi vizuri zaidi kwa mutu aliyekuja mapema.

Sasa tuko tayari kwa maulizo.