Unapohama Nyumba, Dawa Usizitie Guniani

Mimi ni muuguzi wako wa jamii, na leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo wengi wetu hatulihesabu kuwa la afya, nalo ni kuhama nyumba.

Mwisho wa mwezi ukifika, pita Kibokoni, Kuze, Bondeni au Majengo, utaona mikokoteni imejaa vitanda, magodoro na masufuria. Kule Mji wa Kale, nyumba nyingi gari haliwezi kufika mlangoni. Vitu hushushwa ngazi kwa ngazi, hamali wakavibeba vichochoroni mpaka barabarani, ndipo vipakiwe. Katika pilkapilka hiyo, kitu kidogo hupotea upesi. Na mara nyingi kitu hicho kidogo ni dawa.

Siku moja niliitwa nyumba moja huko Majengo. Mama mtu mzima, mgonjwa wa presha, alikuwa amehamia hapo na mwanawe siku nne nyuma. Nilimkuta amekaa juu ya godoro, mdomo umepinda upande, na mkono wa kulia haukuweza kushika kikombe. Nikamuuliza mkazamwana wake, "Vidonge vyake viko wapi?" Akanijibu, "Vimo guniani, sista. Lakini magunia ni kumi na mawili, hatujui ni lipi."

Tulimkimbiza hospitali. Alhamdulillahi, yu hai mpaka leo, lakini mkono ule haujarudi sawasawa. Vidonge vilikuja kuonekana ndani ya sufuria la biriani, gunia la tisa. Siwezi kuapa kwamba ni zile siku nne peke yake zilizomletea kiharusi. Ninalojua ni kwamba presha isiyotulizwa kwa dawa ni hatari, na siku nne alikaa bila dawa.

Kwa hivyo, msikilizaji, tujipange. Wazee walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Kwanza, juma moja kabla ya kuhama, hesabu dawa za kila mtu nyumbani. Kama zitakwisha karibu na siku ya kuhama, nenda kliniki mapema ukachukue nyingine. Anayetumia dawa za kifua kikuu au dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, naye anahama mbali, tuseme kutoka kisiwani kwenda Kilifi au Kwale, amwambie muuguzi wake, apewe barua ya kumhamisha kwenda kituo kipya. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida hutumiwa miezi 6. Ukiziacha katikati, ugonjwa unaweza kurudi, tena ukiwa sugu. Usione haya kusema unahama. Hakuna atakayekugombeza.

Pili, tafuta mkoba mmoja, uuite mkoba wa afya. Tia dawa zote, kadi za kliniki, kijitabu cha afya ya mama na mtoto, vitambulisho na vyeti vya kuzaliwa. Mkoba huu haupandi mkokoteni. Unabebwa begani na mtu mzima mmoja, anayejulikana. Kijitabu cha mtoto ni muhimu sana, kwa kuwa ndicho kinachoonyesha chanjo alizopata na zilizobaki. Kama wiki ya 6, ya 10 au ya 14 imeangukia siku za kuhama, au mtoto ametimiza miezi 9 au 18 ya chanjo ya surua, mpeleke. Ukihamia mtaa mwingine, kituo cha huko kitamchanja, nawe nenda na kijitabu mkononi.

Kwa wenye kisukari wanaojidunga insulini, nina neno moja zaidi. Friji huzimwa kabla ya kubebwa, na watu husahau kwamba insulini imo ndani. Itoe, ibebe katika chombo cha kuhifadhi baridi, wala usiiache juu ya mkokoteni na jua letu hili la Mombasa. Lakini isigusane na barafu. Insulini ikiganda, haifai tena.

Tatu, kila gunia na kila boksi lipe nambari, uandike kwa wino mzito. Kisha chukua daftari la mtoto wa shule, uandike: nambari 1, vyombo vya jikoni, nambari 2, nguo za watoto, na kadhalika. Gunia lenye vyandarua, shuka, sabuni na sufuria moja ya kupikia liandikwe "LA KWANZA", na ndilo lifunguliwe la kwanza. Usiku wa kwanza katika nyumba mpya, chandarua kitundikwe kabla watoto hawajalala.

Nne, mafuta ya taa, dawa za kufulia na sumu ya panya zisichanganywe na vyakula, wala zisitiwe katika chupa za soda. Siku ya kuhama, watoto wana kiu na wakubwa wameshughulika. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe na usimnyweshe maziwa. Mkimbize hospitali, na chupa uende nayo.

Tano, mitungi na mapipa ya maji. Mwisho wa mwaka 2017 mpaka 2018 tulipata mlipuko wa chikungunya hapa Mombasa, na watu walitembea wameinama kwa maumivu ya viungo. Mbu wa ugonjwa huo huuma mchana, na hutaga mayai penye ukingo wa maji, ndani ya mapipa yetu. Mayai hayo hushikamana na pipa na huweza kukaa makavu kwa miezi. Ukimwaga maji tu ukabeba pipa, umehama na mbu wako. Sugua ndani kwa brashi na sabuni, suuza, kisha ndipo upakie. Huko uendako, funika, na usugue kila juma. Vitanda navyo, vikague viungio na mishono ya godoro, usije ukapeleka kunguni nyumba mpya.

Sita, migongo yetu. Unapoinua kitu kizito, kunja magoti, kishike karibu na mwili, uinuke kwa nguvu za miguu. Kabati lishushwe ngazi na watu wawili au zaidi. Mama mjamzito asibebe mizigo mizito. Kazi yake iwe ni kushika daftari na kuhesabu magunia.

Mwisho, siku ya pili tu baada ya kuhamia, muulize jirani: kituo cha afya kilicho karibu kiko wapi? Usiku, gari lapatikana wapi? Mhudumu wa afya ya jamii wa mtaa huu ni nani? Usingoje mpaka mtu augue ndipo uanze kuuliza.

Na kama wamuona mtu mdomo umepinda ghafla, mkono hauna nguvu au maneno hayatoki sawa, hicho huenda ni kiharusi. Usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali saa ileile.

Msikilizaji, yule mama wa Majengo huniambia kila nikimtembelea, "Mwanangu, wewe waambie wenzangu." Nami leo nimewaambia. Anayehama mwisho wa mwezi huu, na atafute mkoba wake leo. Hadi juma lijalo, nawatakia afya njema na makazi mema. Kwaherini.