Mada ya Semina: Kuwafikia Mapema Vijana Wenye Matatizo ya Afya ya Akili



1.0 Utangulizi

Maana ya afya ya akili sote tunaifahamu. Nikumbushe mawili tu. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kabla ya umri wa miaka 18, na kwamba kujiua ni miongoni mwa sababu kuu za vifo vya vijana wa miaka 15 hadi 29. Kwa hiyo, kuwahi ni kumfikia kijana angali darasani, si kumsubiri afikishwe hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mirembe amefungwa kamba.

2.0 Huduma zilizopo

Tanzania tunayo Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Hospitali ya Mirembe ipo Dodoma, na Hospitali ya Taifa Muhimbili nayo hutoa huduma hizi. Pengo liko chini, kwenye zahanati na vituo vya afya.

3.0 Kikwazo kikuu: kifungu cha 217

Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kinalifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Natambua kuwa kurekebisha sheria si kazi ya semina hii, wala mada hii hailengi kulaumu chombo chochote. Lakini matokeo yake tunayaona sisi wa wodini, na tumeyasema miaka nenda miaka rudi.

Binti wa kidato cha pili analetwa usiku, amekunywa sumu. Mama yake anaulizwa PF3, yaani fomu ya polisi. Anaogopa kwamba akisema kweli, mwanawe atatoka wodini kwenda polisi. Anajibu, "Alidhani ni dawa ya kikohozi, nesi." Kwenye daftari la MTUHA, yaani la taarifa za huduma za afya, inaandikwa: sumu, ajali. Binti anawekewa dripu, anapata nafuu, anaruhusiwa. Hakuna aliyemuuliza kilichomsibu wala aliyempangia siku ya kurudi kliniki. Kijana aliyetuhitaji kuliko wote tulikuwa naye mkononi, tukamwachia.

Madhara hayaishii hapo. Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri hutegemea takwimu za madaftari hayohayo. Kwa kuwa wagonjwa hawa wameandikwa ajali, muuguzi wa afya ya akili anaonekana hana kazi na fedha zinapelekwa kwingine. Mwaka unaofuata tunaambiwa tatizo si kubwa.

Sheria hii ya kuadhibu jaribio la kujiua tuliirithi kwa Waingereza. Wenyewe waliifuta kwao mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata Uhuru. Ghana iliondoa kosa hilo mwaka 2023. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kuwa kifungu kama hicho, cha 226, kinakiuka Katiba yao. Sisi tunasubiri nini?

4.0 Mapendekezo

Kwa heshima, napendekeza:

1. Wizara zinazohusika zianzishe mchakato wa kufuta kifungu cha 217.
2. Wakati tukisubiri, matibabu ya dharura yatangulie, PF3 ifuate.
3. Kila kijana aliyelazwa kwa sumu aonane na muuguzi wa afya ya akili kabla ya kuruhusiwa, hata kama imeandikwa ajali.
4. Apangiwe siku ya kurudi kliniki, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii amfuatilie nyumbani.
5. Madaftari ya MTUHA yajazwe ukweli, na usiri wa mgonjwa ulindwe.
6. Halmashauri zitenge fungu la afya ya akili ya vijana.
7. Walimu wa malezi wafundishwe dalili za awali na mahali pa kumpeleka mwanafunzi.
8. Polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto washirikishwe, ili mzazi asiogope kusema kweli.
9. Pendekezo la kwanza lisisahaulike.

5.0 Hitimisho

Mapendekezo ya pili hadi ya tano hayahitaji Bunge. Yanahitaji maelekezo yenu, waganga wakuu wa wilaya mliomo humu ukumbini. Nawaomba myatoe kabla ya robo hii ya mwaka kwisha.