Joto la Usiku Bila Kuni

Msikilizaji wetu wa Kitale, Julai hii unalala kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, kati ya Mlima Elgon na vilima vya Cherangani, na baridi unaijua. Bungoma iko chini zaidi, lakini usiku wa mvua huko nako watu hutetemeka. Ndiyo maana wengi, wakichoshwa na moshi wa kuni, huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha.

Tafadhali, usifanye hivyo. Makaa yaliyokolea hayana moshi, ila yanatoa kaboni monoksaidi, hewa isiyoonekana wala kunuka. Hiyo hushika nafasi ya oksijeni katika damu, na aliyelala huenda asiamke. Ukiamka kichwa kinauma, moyo unachafuka na mwili umelegea, usidhani ni malaria tu. Toka nje kwanza, watoe na watoto, kisha nendeni hospitali.

Basi tuote nini? Penye umeme, hita ya wati 1,000 hula yuniti moja kwa saa. Iwashe nusu saa kabla ya kulala, halafu uizime. Mimi napenda zaidi chupa ya mpira: chemsha maji jikoni, yatie humo, ifunge kwa taulo, iweke miguuni. Mwenye ng'ombe wawili watatu wa zizini anaweza kuyachemsha kwa biogesi ya samadi. Lakini jiko la gesi, hata lile la mtungi wa kilo 6, libaki jikoni, dirisha likiwa wazi.